Kofia ya Sufu ya Bi Mwanaarabu

Wako watu wanaodhani kofia ni kitambaa na uzi tu. Hao hawajashona hata moja maishani mwao, na wangejaribu wangenyamaza. Kofia ni kichwa cha mtu. Bi Mwanaarabu wa mtaa wa Mkomani, pale Amu, alilijua hilo tangu alipokuwa na miaka tisa. Mwaka ule wa tatu wa vita vya Wazungu alikuwa amekwisha kupita hamsini, mjane, macho yameanza kumchosha, lakini hakuna mwanamume aliyewahi kumrudishia kofia akisema inambana au inampwaya.

Siri yake ilikuwa nyuzi. Yeye mwenyewe hakushika kichwa cha mwanamume asiyekuwa wake, wala hakutoka kwenda sokoni. Mteja alipimwa kwao kwa uzi, uzi ukaletwa, naye Bi Mwanaarabu akaufunga fundo pale ncha zilipokutana na kuutia ndani ya kikapu cha ukindu. Vilikuwamo vichwa vya mji mzima: makadhi, mabaharia, wenye maduka, vijana waliooa juzi. Ukichomoa uzi wowote alikwambia ni wa nani, na wala hakuwa akiangalia alama, alikuwa akijua tu. Mteja akifa, alimsomea Fatiha, akalifungua lile fundo, na uzi ukarudi kazini pamoja na nyuzi nyingine. Haikuwa mila ya mji, ilikuwa yake peke yake. Jirani zake walimcheka kwa hilo, naye hakuwajali.

Jambo la pili alilolishika lilikuwa kuosha. Kofia ya viua, yenye vile vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, hukaa mkononi miezi miwili au mitatu. Hunywa jasho, mafuta ya vidole na vumbi la chokaa linalodondoka darini. Kwa hiyo ikiisha huchemshwa kwa sabuni, husuguliwa kati ya viganja, huchovywa kwenye maji baridi ya kisima, hutiwa kanji na kuvutwa juu ya kalibu ya mti ikauke. Ndipo huwa nyeupe na kusimama. Kumpa mtu kofia ambayo haijachemshwa, kwa Bi Mwanaarabu, ilikuwa sawa na kumwekea mgeni chakula kwenye sahani chafu.

Alikuwa na mtoto mmoja, Famau. Kijana wa miaka ishirini na miwili, mcheshi, mvivu kidogo asubuhi, hodari wa kuchagua samaki na mbovu wa kuhifadhi siri. Mama yake alimgombeza kutwa na kumpenda kuliko roho yake. Mwezi wa Rajabu alimtuma Mombasa na kofia kumi na moja za duka la mtu mmoja wa Mji wa Kale. Nasema alimtuma, kwa sababu Famau mwenyewe hakutaka kwenda. Alisema wanaokwenda Mombasa siku hizi wanakamatwa wakabebeshwe mizigo ya vita. Mama yake akamwambia hilo ni domo la wavivu, wanaokamatwa ni watu wasio na kazi, na yeye kazi anayo, kaibeba mkononi.

Askari walimkamata siku yake ya tatu huko, mbele ya duka, kofia zimekwisha kupokewa.

Barua yake ilifika katikati ya Shaabani. Bi Mwanaarabu aliisoma mwenyewe, maana chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, alisoma, na mkono wa Famau aliujua kwa jinsi ulivyopanda juu mwisho wa mstari. "Mama, baada ya salamu, mimi ni mzima ila baridi. Wametupeka bara, yuu kabisa. Mai ya udhu yaniuma hata mifupani. Tukisema, moshi hututoka kanwani. Blanketi ni moya kwa watu wawili, na wengi wapigwa na vifua. Nifanyia kofia ya kuziba masikio na kitu cha shingo. Tutakuwa hapa hata Idi, kisha twapekwa nti ya Mdachi. Kitwa changu wakijua."

Kitwa changu wakijua. Maneno hayo, kwamba kichwa chake yeye mama anakijua, aliyasoma mara tatu, akaikunja barua, akaifunua tena. Alikijua kichwa kile. Alichokuwa hakijui ni baridi. Baridi gani hiyo? Amu upepo wa kusi ukivuma sana watu hujifunika shuka alfajiri na kusema wanatetemeka, nao wamevaa nguo moja. Aliingia kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba, akatia mikono yote miwili hadi viwiko ndani ya mtungi uliolala kivulini, akasubiri. Maji yalikuwa baridi kidogo, kisha yakawa ya kawaida, kisha akaona yanampendeza. Akaitoa mikono yake na kulia kwa hasira, kwa kuwa hata hilo lilimshinda, kujua mtoto wake anaumwa na nini.

Aliyemwokoa, au aliyedhani amemwokoa, alikuwa Hadia. Hadia alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwepesi wa mguu na wa ulimi, aliyekuwa akifua nguo kwa bibi mmoja wa Kizungu kwenye nyumba ya mbele ya bahari. Bibi huyo alikuwa akifuma sufu jioni kwa jioni, kofia na soksi za kuwapelekea askari wa kwao, na Hadia kwa kumwangalia tu alikuwa amejifunza kroshia. Aliposikia habari ya barua alikwenda zake kazini. Alirudi kesho yake na mabonge matatu ya uzi wa sufu, wa kijivu, na sindano ya mfupa yenye ndoano nchani.

"Nimemwambia yule bibi kuwa mwanao yuko kwenye baridi," alisema. "Akanitazama mato. Akanipa. Asema ndio mwisho, hana nyingine, na meli za Ulaya zazama."

Bi Mwanaarabu aliushika uzi ule akashtuka. Ulikuwa mnene, wenye vinyweleo, unawasha mkono, na unanuka mnyama. Miaka yote ile alikuwa amefanya kazi na uzi mwembamba wa pamba usioonekana ukikaa mbali nao. Sasa huu ulikuwa kama kumwambia mfua dhahabu atengeneze nanga. Siku ya kwanza vitanzi vilimtoka vingine vikubwa, vingine vidogo, na Hadia akacheka hata akashika mbavu.

"Wewe bingwa wa viua, wafanya wavu wa kuvulia dagaa?"

"Nyamaza. Nionyesha tena."

Ila kroshia ina huruma moja, nayo ilimshangaza. Ukikosea unavuta ncha, kazi yote inafumuka, na uzi unarudi mzima kama vile hukufanya kosa. Kwenye viua ukikosea umekosea, kitambaa kimetobolewa. Bi Mwanaarabu alifumua kofia ile mara nne. Alikuwa akikosea na kufumua, na kufumua kwenyewe kukawa kunamtuliza. Mara ya tano mkono ukazoea. Ramadhani ikaandama, wateja wakamtaka kofia za Idi, naye akamwambia Hadia awajibu kwamba anaumwa. Ilikuwa mara ya kwanza kusema uongo juu ya kazi. Alikaa karibu na mlango wa kiwanda tangu baada ya sala ya asubuhi mpaka adhana ya magharibi, kinywa kikavu kwa saumu, sufu imemlalia mapajani kwenye joto lile, jasho linamchuruzika shingoni, anamfumia mtoto wake kinga ya baridi ambayo yeye hakuwahi kuiona.

Tarehe kumi na tano ya Ramadhani kazi ikaisha. Kofia ya kuvuta mpaka chini ya masikio, na kitambaa cha shingo kirefu cha kuzunguka mara mbili na kufunga kifua. Akauchomoa uzi wa Famau kikapuni, akauzungusha ndani ya kofia. Fundo likaja palepale. Si pungufu, si zaidi. Alitabasamu peke yake kama mwanamwali. Meli ndogo ya posta ilikuwa ikiondoka kesho yake adhuhuri, na iliyofuata haikuwa na tarehe, labda baada ya Idi. Hadia alikuwa amepanga kuupeleka mzigo bandarini yeye mwenyewe.

Basi ilibaki kuosha.

Nani angemzuia? Hadia alikuwa anajua. Hadia alikuwa akifua sufu za yule bibi kila wiki, kwa maji baridi, kwa kubonyeza polepole, kwa sababu alikuwa ameambiwa hivyo na kukemewa mara moja. Lakini haikumpitia akilini kulisema, kwa kuwa kwake kofia ile ilikuwa imekwisha, ya nini kuiosha? Na Bi Mwanaarabu haikumpitia akilini kuuliza, kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kuona kofia ikitoka nyumbani bila kuchemshwa. Ndivyo jambo hilo lilivyopita kati ya wanawake wawili wenye akili zao.

Alichemsha maji sufuria tele. Akakwangua sabuni ndani yake. Akaitia kofia na kitambaa pamoja, akavigeuza kwa mwiko, na ile harufu ya kondoo ikapanda, naye akafurahi kwamba inatoka. Akaviepua, akavisugua kati ya viganja kama alivyozoea, kwa nguvu, kwa upendo, kila mahali. Aliona sufu inakuwa nzito na laini mkononi, akadhani inakuwa safi. Akavitosa kwenye maji ya kisima. Akasugua tena. Alikuwa akiimba kidogo.

Alipoichukua kalibu, ile ya kichwa cha Famau, kofia haikuingia.

Akaivuta. Haikunyumbuka. Akaigeuza kwenye mwanga akaona vile vitanzi alivyovihesabu kimoja kimoja havipo, vimeshikamana vyote, kitu kimekuwa kimoja kinene kama ngozi. Na kidogo! Aliichukua kwa vidole viwili. Ingemtosha mtoto wa miaka mitatu. Kitambaa cha shingo kilikuwa kimefupika nusu, kimekakamaa. Alitafuta ncha ya uzi avute afumue, kama alivyokuwa amefumua mara nne. Hakukuwa na ncha. Alikwangua kwa kucha mpaka kucha ikakatika.

Hadia alipofika alimkuta amekaa chini kiwandani, miguu imenyooka mbele, kofia juu ya paja. Akaiona, akaziba mdomo kwa mkono.

"Umeitia mai ya moto?"

"Kwani huoshwaje?"

Hadia aliichukua, akaivuta kwa mikono miwili, isivutike. 

Wakamwita Husseini, muuza tarbushi wa Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, mtu aliyejua mambo ya sufu. Alikuja akasimama barazani, nje ya mlango, kama inavyopasa, na Hadia akampitishia kofia. Walimsikia akiibonyeza na kuguna.

"Bi Mwanaarabu," alisema kutoka nje, "kitu hiki hakikuharibika. Hii ni tarbushi. Wafanyao tarbushi huko kwao ndivyo wafanyavyo. Huifuma kubwa, hata yatosha vitwa viwili, kisha huipika na kuipiga hata ikanywea. Upepo haupiti hapa. Baridi haipiti. Kazi hii ni ya kweli. Ila wewe umepika iliyo sawa na kitwa."

"Na kuirudisha, Bwana Husseini?"

Husseini akairudisha kofia mlangoni. "Hairudi, bibi. Ikishapikwa, imepikwa."

Kwa hiyo alikuwa ameifanya kuwa na joto mara mbili ya alivyokusudia, na haimfai mtu. Yule bibi wa Kizungu aliulizwa tena siku ileile. Akampa Hadia kibonge kilichobaki kwenye kazi yake mwenyewe, kisichozidi ndimu, na machozi yalikuwa yakimlenga naye. Hakikutosha hata ukingo.

"Peka hivyo hivyo," Hadia alimsihi. "Kofia iwate, peka kitambaa. Kimefupika, lakini shingoni chafika. Meli ni kesho."

Na hapa ndipo ninapomkasirikia Bi Mwanaarabu, ingawa sina haki. Alikataa. Alisema mwanawe hatafungua mzigo wa mama yake mbele ya watu akatoa matambara. Alisema yeye atairekebisha. Alikuwa ameona kwamba kitu kile ukikikata kwa mkasi hakifumuki, kimekuwa kama ngozi, na fundi wa kofia akishajua anaweza kukata, basi anajiona ana njia. Angeipasua kofia vipande vinne, akate vipande vya kitambaa cha shingo, avitie katikati kama viraka, ashone kwa mshono wa kofia ya viua usioonekana. Siku tatu, alisema. Hadia alimwambia meli haimngojei mtu. Akasema basi itakayofuata.

Meli ikaenda. Siku tatu zikawa sita, kwa maana sindano nyembamba zilikatika zote kwenye unene ule, ikabidi zitafutwe za kushonea tanga. Lakini aliimaliza. Uzi wa Famau ukazunguka ndani yake na fundo likaja palepale. Ilikuwa kofia nzuri, Wallahi, ya paneli nane, ya kijivu, ngumu, yenye vipande vya kuziba masikio. Haikuonekana mshono hata ukiitazama juani. Ikakaa kidakani, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, ikingoja meli, Ramadhani yote iliyobaki, na Idi nzima. Watu waliokuja kumpa mkono wa Idi waliisifu. Kila aliyeisifu alimchoma.

Meli ilikuja tarehe tisa ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Hadia akaupeleka mzigo.

Mzigo ulirudi baada ya miezi mitano. Haukuwa umefunguliwa. Juu yake palikuwa na maandishi ya Kizungu, na karani wa posta akamwambia Hadia yanasema mwenyewe kaondoka, haijulikani aliko. Bi Mwanaarabu aliuweka mzigo kidakani bila kukata kamba. Alirudi kwenye viua. Alishona vizuri kama zamani, labda vizuri zaidi, ila hakuimba tena wakati wa kuosha, na alipochemsha maji alitazama pembeni.

Vita vikaisha. Watu wachache wakarudi, wengi wasirudi, na hakuna aliyekuja na daftari la kusema nani kafa wapi. Aliuliza. Alimtuma Hadia kwa karani, kwa liwali, kwa kila aliyeshuka bandarini amekonda. Miaka miwili baada ya ile Idi, mtu mmoja akaja mwenyewe. Alikuwa Jeilani, wa kisiwa cha Ndau, kijana aliyezeeka, anayepumua kwa kelele. Alikaa barazani, akapewa kahawa, na Bi Mwanaarabu akakaa nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu.

"Mimi na Famau tulikuwa blanketi moya," alisema Jeilani. "Mwanao alikuwa mtu wa kutekesha, mama. Hata kwenye baridi ile."

"Niambia."

"Mimi nalipigwa na kifua kwanza. Famau alikuwa na kikoi kizito, alikinunua kwa mpishi kwa tumbaku yake yote. Akanifunga nacho kifuani. Nikamwambia, na wewe? Akasema, kofia yangu iko ndiani, yaja. Mamangu ashanifanyia. Kitwa changu akijua. Kila siku alisema hivyo. Tulipoondoka baada ya Idi alikuwa akohoa yeye. Wakamwata kwenye kambi ya wagonjwa, yu hai, anipungia mkono. Sikumuona tena. Kikoi ni hiki." Akakipitisha mlangoni.

Bi Mwanaarabu alikipokea. Kilikuwa kimefifia, kimeoshwa vizuri.

"Mama," Jeilani aliuliza, kwa upole, mtu asiyejua anauliza nini, "kwani ile kofia ilitoka Amu lini?"

"Baada ya Idi."

"Ilikawia kwisha?"

"Ilikuwa imekwisha," alisema Bi Mwanaarabu. "Kati ya Ramadhani. Niliipika."

Jeilani hakuelewa. Alingoja aelezwe, na alipoona haelezwi akanywa kahawa yake, akamwombea Famau kheri popote alipo, akaaga, maana mashua ya Ndau ilikuwa haikai.

Alipokwenda, Bi Mwanaarabu alikiweka kikoi kidakani, kando ya mzigo. Kisha akakishusha kikapu cha ukindu. Uzi wa Famau ulikuwa juu. Akaukalisha kwenye kiganja, akaanza Fatiha, akakatiza. Nani alikuwa amemwambia amekufa? Jeilani alimwona yu hai, anapunga mkono. Na nani alikuwa amemwambia yu hai? Akaanza tena, akakatiza tena. Vidole vyake vilikuwa vimefungua mafundo ya mji mzima, na hili lilikuwa fundo jepesi, alilifunga mwenyewe. Alilishika kwa kucha mbili. Hadia aliingia akamkuta hivyo, akaketi karibu naye, na adhana ya alasiri ikaadhiniwa, na bado Bi Mwanaarabu alikuwa amelishika lile fundo.